Punje za Cheche

4 Februari

Cheche mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma, kisha shangazi yako akaninyang'anya akaisoma tena kwa sauti, utadhani mimi sikwenda shule. Tumefurahi wote. Unalalamika kwamba chakula cha kambini hakina chumvi. Kula hivyo hivyo mwanangu, chumvi utaikuta nyumbani.

Huku Ajuza hajambo, ila ana kikohozi chake. Wiki iliyopita pampu ya maji ilikataa katikati ya mto, abiria wamejaa mpaka mlangoni. Mama mmoja akaanza kusali kwa sauti kubwa. Nikapanda juu na spana mkononi nikamwambia, mama, sali polepole, fundi anataka kuisikia injini. Watu wakacheka, nikashuka, nikafungua, nikakuta jani. Jani tu! Kivuko kizima kimesimamishwa na jani la mti, na nahodha ananitazama kama vile nimelipanda mimi.

Babu yako alimchochea Ajuza kwa kuni kabla hajawekewa injini ya dizeli, na kabla ya babu yako walikuwepo wengine ambao hata hatujui walikuwa nani. Juzi nilibandua rangi kidogo ukutani nikakuta ya kijani, chini yake nyeupe, chini yake kijivu cha wakati wa vita, halafu nyekundu ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka. Rangi imekuwa nene kuliko bati. Nadhani rangi ndiyo inayomshikilia, lakini usimwambie nahodha.

Kile chuma cha kushikia cha sitaha ya juu, ulichokichomelea ukiwa bado na sare za shule, kipo. Na punje yako ipo. Nilikuambia ukifika mwisho wa mshono usikimbie, rudi nyuma kidogo, jaza, ndipo utoe moto, kwa sababu mwisho ndipo panapopasuka. Nawe ukarudi zaidi ya nilivyosema, ukaacha kinundu kama punje ya dengu. Kila mshono, punje. Nilikugombeza weee! Lakini watu wameegemea chuma kile miaka yote hii na hakuna aliyeanguka.

Sasa jambo lenyewe. Nguzo za daraja zimeanza kutokea majini. Vyuma vyake, wanasema, vinaungwa mbali huko na kuletwa kwa treni. Daraja likiisha, Ajuza anakatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu. Kazi sililii, umri wa kustaafu ulinipita zamani nikajifanya sikuuona. Ninalolia unalijua. Mama yako amelala ng'ambo. Nilimvusha kwa Ajuza, na siku zote nimejua kwamba nami nitavushwa kwa Ajuza nikalale pembeni yake. Sasa nitavushwa na nini?

Basi, wewe endelea na matangi yako ya mafuta. Kazi ni kazi.

Baba yako,
Fundi


21 Februari

Shangazi,

Barua hii isome peke yako, na ukimaliza iwashie moto jikoni.

Hakuna matangi ya mafuta. Nilipoajiriwa tuliambiwa tunaunga vyuma vya daraja, hatukuambiwa daraja la wapi. Nilipofikisha miezi miwili kazini msimamizi akatandika ramani mezani, nikaona ule mpinda wa mto, nikaona gati letu limechorwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa "kuondolewa". Jioni ile nikamwandikia Baba kuhusu matangi. Ni uongo wa kwanza uliokuja kichwani.

Mimi nimepangiwa vyuma vya kushikia, vya njia ya waendao kwa miguu, upande wote wa juu wa mto, yatokako maji. Nimesaini mkataba mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, na hata nikiondoka atakuja mwingine daraja lijengwe vile vile. Hilo ndilo ninalojiambia nikilala. Lakini nikwambie ukweli mwingine, maana wewe hunihukumu: naipenda kazi hii. Mwanamke ni mimi peke yangu kwenye karakana na mishono yangu hairudishwi. Msimamizi anataka punje zote zisagwe, eti zinaharibu sura. Za juu nazisaga. Za chini, mahali macho hayafiki, naziacha, kwa sababu Baba alisema mwisho ndipo panapopasuka.

Nimwambie? Nisimwambie? Naogopa akilijua hili hatanitazama tena usoni.

Mtoto wako,
Cheche


10 Machi

Cheche, kipenzi cha shangazi,

Barua nimeichoma, na ugali nao nimeuunguza nikiisoma. Baba yako akauliza mbona jiko linanuka. Nikamwambia ni uzee.

Sikiliza. Usimwambie. Ndugu yangu namjua tangu anatambaa. Ameapa mbele ya watu gatini kwamba hatalikanyaga daraja lile hata aitwe na rais. Kila treni ya vyuma ikipita, anatoka nje kuitukana. Juzi alimkataza kinyozi wake kutaja neno daraja, na kinyozi ana wembe mkononi! Mtu wa namna hiyo utamweleza nini?

Mimi pia nakosa kazi, usidhani silioni. Nimekata tiketi za Ajuza tangu ujana wangu, nimeona maharusi wakivuka wakicheka na kurudi wamenuniana, nimeona ng'ombe akijitupa majini akafika ng'ambo kabla yetu. Lakini mimi nasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Wajawazito watavuka bila kungoja asubuhi. Baba yako hataki kusikia hilo.

Siri yako iko kwangu. Wewe fanya kazi, andika habari za matangi, na Mungu atupe njia.

Shangazi yako


2 Mei

Cheche mwanangu,

Wamelifikisha ng'ambo. Jana kipande cha mwisho kilishushwa kwa winchi, watu wakapiga makofi, hata abiria wangu mwenyewe, wamesimama juu ya Ajuza wakilishangilia daraja! Nikazima injini. Nahodha akapiga kengele, sikuitika. Tukaelea hapo mpaka makofi yakaisha.

Sijawahi kukusimulia vizuri siku tuliyomvusha mama yako. Ulikuwa mdogo, umelala begani kwa shangazi yako. Fundi mwingine hakuwepo. Waombolezaji wote walikuwa juu pamoja na jeneza, mimi niko chini na injini, peke yangu, nimevaa ovaroli ya kazi juu ya nguo za msiba. Sikuona kitu. Nilisikia nyayo tu juu ya kichwa changu. Nahodha aliomba mwendo wa kawaida, mimi nikampa mwendo wa taratibu, taratibu kabisa, maana tukifika ng'ambo ndiyo basi tena. Hicho ndicho nilichoweza kumfanyia. Nikamwahidi nitamfuata kwa njia ile ile.

Sasa ahadi yangu wameivunja wao. Jana nilisimama gatini nikasema, na watu walisikia: mikono iliyounga vyuma vile, na ikauke! Shangazi yako alinivuta shati akasema nifute kauli, ulimi hauna mfupa. Sikufuta. Nimesema na nimesema.

Mwezi ujao Ajuza anafanya safari ya mwisho. Ungekuwepo ningefurahi. Najua kazi haikuruhusu.

Baba yako,
Fundi


29 Mei

Shangazi,

Naandika kwa mkono wa kushoto, nisamehe mwandiko.

Siku tatu baada ya barua ya Baba kufika, mpira wa gesi ulipasuka ukashika moto. Nimeungua mkono wa kulia, kiganja na vidole. Daktari anasema utapona, ila vidole viwili havikunjiki na hajui kama vitakunjika. Wenzangu wanasema mpira ulikuwa mkuukuu, mtu yeyote angeungua. Lakini wao hawajui kilichosemwa gatini. Nimelala hapa wodini nasikia sauti ya Baba, "na ikauke", na mkono ndio huu, umekauka.

Usimwambie. Akijua nimeungua atauliza nimeungua nikifanya nini. Barua ya kumpelekea Baba nimemwomba mtunza stoo aniandikie.

Cheche


29 Mei

Mzazi wangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta katika hali njema ya afya. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa mimi ni mzima na kazi ya matangi inaendelea vizuri. Nasikitika kukuarifu kuwa sitaweza kuhudhuria safari ya mwisho ya kivuko kutokana na majukumu mengi. Wasalimie wote wanaonifahamu.

Wako mtiifu,
Cheche


17 Juni

Kwako Cheche,

Hongera. Naona siku hizi una karani.

Mwandiko si wako na maneno si yako. "Waraka huu." "Nasikitika kukuarifu." Hata posta wakiniandikia kwamba kifurushi kimepotea huwa wananionea huruma kuliko hivyo. Kama umekuwa mkubwa mpaka huna muda wa kumwandikia baba yako kwa mkono wako, niambie tu, nitaelewa. Nilikufundisha kushika moto, sikukufundisha kushika cheo.

Safari ya mwisho ni kesho kutwa. Usijisumbue.

Fundi


26 Juni

Cheche, mwanangu, mtoto wangu wa pekee,

Kaa chini kabla hujasoma.

Ajuza alivuka mara ya mwisho watu wamejaa, wengine wanalia, wengine wanang'oa vibao vya viti kwa ukumbusho. Mwendo nilimpa ule wa mama yako. Tulipofunga kamba nilifuta injini kwa tambara mpaka ikang'aa, utadhani kesho kuna kazi. Juzi ikaja boti ya kumkokota kwenda kukatwa.

Nilitaka kumwona mpaka mwisho. Kutoka gatini anapotea haraka kwenye mpinda wa mto. Mahali pa juu pa kumwonea ni pale darajani tu. Nikajiambia, kiapo nilimwapia nani? Niliapa kwa ajili yake, basi nivunje kwa ajili yake. Nikapanda daraja. Watu wakanipisha kama mgonjwa.

Nilisimama katikati, upande wa juu wa mto, nikashika chuma cha kushikia kwa mikono miwili. Macho yangu yalikuwa kwa Ajuza. Alikuwa anakwenda kinyumenyume, hana moshi, amenyamaza. Nikamkazia macho mpaka akawa mdogo. Na vidole vyangu, Cheche, vidole vya fundi havikai bure, vikawa vinapapasa chini ya chuma. Vikakuta punje.

Nikadhani ni ya bahati mbaya. Nikasogea. Nyingine. Nikasogea tena. Kila mwisho wa mshono, punje ya dengu. Ajuza akapinda kona akapotea na sikumwona akipotea, nilikuwa nimepiga magoti natazama chini ya chuma. Mtu mmoja akaniuliza, mzee umeangusha funguo? Nikamwambia nimeziokota.

Nilirudi nyumbani nikamwuliza shangazi yako swali moja tu. Alilia kabla hajajibu. Ameniambia yote. Vyuma, ramani, uongo wa matangi. Halafu akaniambia habari ya mkono.

Cheche, sijalala tangu hapo. Mkono ule niliufundisha mimi, nikaulaani mimi. Nimekwenda gatini, pale pale niliposimama, nikafuta kauli yangu kwa sauti ileile. Hapakuwa na mtu ila muuza maji, lakini nimefuta. Radhi zangu unazo zote, za jana, za leo na nitakazokuwa nazo nikiwa mchangani. Mkono wako usikauke. Ukaushwe wangu.

Na jambo langu la kuvushwa limekwisha. Nikifa msinitie kwenye gari. Mnipitishe kwa miguu, upande wa juu wa mto, karibu na chuma. Nitakuwa nimevushwa na wewe. Mama yako hatanilaumu kwa kubadili njia.

Mzazi haombi msamaha kwa mtoto, ndivyo tulivyolelewa. Mimi naomba. Nijibu, hata neno moja, kwa mkono wowote, hata wa yule bwana wa "waraka huu". Niambie tu kwamba umenisamehe.

Baba yako


30 Agosti

Baba yangu,

Umeona? Huu ni mwandiko wangu. Ni mkono wa kulia!

Barua yako ilinifikia tangu mwezi wa saba. Niliisoma mpaka mikunjo ikapasuka. Ningeweza kukujibu siku ileile kwa mkono wa kushoto, au kupitia mtunza stoo, kila siku ananiuliza kama hatuandiki. Nikakataa. Nilikumbuka ulivyoumia ulipoona mwandiko wa mtu mwingine, nikasema safari hii Baba atauona wangu. Nimekaa na kalamu kila asubuhi kabla ya kazi. Mwanzoni iliniponyoka kama sabuni. Halafu nikaweza "a", halafu nikaweza jina lako. Ukurasa huu umenichukua wiki nzima, lakini si unasomeka?

Kuhusu kusamehe, Baba, nilishakusamehe kabla hujaomba. Mimi ndiye niliyekudanganya. Ungejua nilivyokuwa nikichomelea vyuma vile! Kila punje nilikuwa nasema, rudi nyuma, jaza, ndipo utoe moto. Niliunga daraja zima kwa sauti yako.

Habari ya kupitishwa usiitaje tena. Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwezi ujao na ninakuja. Tutavuka wote kwa miguu yetu, twende tukamsalimie Mama. Nitakuonyesha mshono wa kwanza na wa mwisho, nawe utanigombeza. Nisubiri.

Wako,
Cheche


14 Septemba

Cheche mwanangu,

Najua telegramu ilikufikia, na najua treni hazikukungoja. Usijilaumu, hata ungeruka usingewahi. Sasa nikueleze vizuri, maana telegramu ni kama kofi.

Ndugu yangu hakuwa mgonjwa wa kitandani. Alikuwa anakwenda posta kila asubuhi, anatoka na koti lake la kazini, mvua, jua, anauliza, anarudi. Karani wa posta alifika mahali akimwona mbali anajificha nyuma. Mwezi wa nane kifua kikambana. Nikamkataza kutoka, akawa ananituma mimi. Nikirudi haniulizi, ananitazama mikono tu.

Nilishindwa, Cheche. Siku moja nilikaa jikoni nikaandika barua kwa mkono wa kushoto, mwandiko umepinda, nikajifanya wewe. "Baba, nimekusamehe, ninakuja." Nikaitia kwenye bahasha kuukuu nikampelekea. Akaisoma polepole. Akaigeuza, akaitazama nyuma. Kisha akaniambia, "Dada, huyu mtoto ameanza lini kuandika kama wewe?" Akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono. Akaiweka chini ya mto hata hivyo.

Alifariki siku nne baadaye, alfajiri, usingizini. Tulimpitisha kama alivyotaka, upande wa juu wa mto. Nahodha alitangulia amevaa kofia ya Ajuza. Magari yalisimama yenyewe, hakuna aliyeyaomba. Wabebaji walitaka kuharakisha kwa sababu ya jua, nikawaambia mwendo wa taratibu, taratibu kabisa, atakayeharakisha nitamvua viatu. Tukaenda hivyo.

Siku ya tatu baada ya mazishi karani wa posta alikuja nyumbani mwenyewe, mbio, bahasha mkononi. Nikaujua mwandiko kabla hajafika mlangoni. Mzuri vile vile, mwanangu, umerudi wote. Nilikaa chini kizingitini nikalia kuliko nilivyolia msibani.

Kisha nikavaa viatu nikavuka nayo. Mimi niliyevuka maji yale maisha yangu yote nimekaa kwenye kiti cha tiketi, nimekwenda kwa miguu. Nilishika chuma chako njia nzima. Kilikuwa cha moto kwa jua, lakini sikukiachia, na kila nikifika mwisho wa mshono nilipapasa chini nikaikuta punje. Nikamsomea barua yako yote pale kaburini, na pale pa "Nisubiri" nikapasoma mara mbili.

Njoo. Nitakuwa upande huu, tuvuke wote.

Shangazi yako